Jibu la Peke Yako Kwanza, Kikundi Baadaye

Kwa kufundisha takwimu madarasa makubwa ya mwaka wa kwanza, nimefikia rai ambayo ningependa wahadhiri wanaoanza kazi waipime kabla vyuo vyetu havijanunua programu nyingine: kujifunza kwa mwendo wa mtu binafsi na kujifunza kwa vikundi havigombani, mradi kimoja kitangulie kingine.

Mwaka 1984 Benjamin Bloom, mtafiti wa elimu wa Marekani, alionyesha kwamba wanafunzi waliopewa mkufunzi wa peke yao waliwapita kwa mbali wenzao wa darasa la kawaida, na kikwazo alichokitaja kilikuwa gharama. Programu za akili unde huenda zikapunguza gharama hiyo. Ninachohofia ni kazi za vikundi, ambazo tangu zamani huandikwa na wawili huku wengine wakibebwa na majina yote yakipamba jalada. Sasa hata wale wawili wanaweza kuiachia mashine.

Njia iliyonifaa ni ya Eric Mazur, mwalimu wa fizikia wa Harvard, aliyeianza mwanzoni mwa miaka ya 1990. Mhadhiri huuliza swali moja la kudadisi dhana, kila mwanafunzi hujibu kimya kimya, kisha humshawishi jirani yake aliyejibu tofauti, ndipo wote hujibu tena. Mimi huuliza, kwa mfano, kama wastani unafaa kueleza mishahara ya ofisi yenye makarani kumi na mkurugenzi mmoja anayelipwa mara ishirini yao. Anayetetea wastani hulazimika kumtafuta karani anayelipwa kiasi hicho, hampati, na hapo thamani ya katikati (median), yaani mshahara wa mtu wa katikati wote wakipangwa kuanzia wa chini hadi wa juu, hueleweka kuliko ningeihubiri mimi kwa saa nzima. Wakikosea karibu wote, mjadala hausaidii, fundisha upya.

Chuo chenye Moodle, programu ya kuendeshea masomo mtandaoni ambayo haina ada ya leseni, kinaweza kufungua jaribio fupi hadi usiku wa kuamkia kipindi, ili mhadhiri aunde vikundi vya watu wanaopingana badala ya marafiki wanaokaa pamoja. Jaribio liwe la maandishi, kwa sababu video humaliza bando la mwanafunzi kabla ya wiki kwisha.

Kuhusu alama za kazi ya kikundi, nashauri nusu yake itokane na maswali ya ana kwa ana, ambayo mhadhiri humwelekezea mwanakikundi yeyote atakayemchagua papo hapo, na jibu lake likahesabiwa la wote.