Kumsikia Mungu nje ya nyimbo za sifa

Dada yangu, umeuliza kama ni dhambi kwamba nyimbo za sifa za redioni hazikugusi tena, ilhali muziki usio wa kanisani unakutoa machozi. Mimi sioni dhambi hapo. Zaburi zenyewe zimejaa vilio na maswali. Nyimbo nyingi za sifa zinazouzwa sokoni zinarukia ushindi, na moyo uliochoka haupati pa kukaa.

Anza na John Coltrane, mpiga saksafoni wa jazz wa Marekani, albamu yake "A Love Supreme", iliyorekodiwa Desemba 1964. Aliandika kwamba mwaka 1957, kwa neema ya Mungu, aliamka kiroho, na albamu hii ni shukrani yake. Katika sehemu ya mwisho saksafoni yake inalifuata shairi la sala alilolitunga mwenyewe, neno kwa neno, bila mwimbaji. Shairi limechapishwa kwenye jalada. Lisome polepole huku ukisikiliza, ukiwa umezima taa nyingine zote. Mimi lilinirudishia utulivu wa kusali niliokuwa nimeupoteza.

Kisha msikilize Remmy Ongala kwenye "Kifo". Ni dansi, ndiyo, lakini anaongea na mauti ana kwa ana. Na kwaya unayoimba kanisani, usiiache kwanza.