Jibu: Kumuenzi mwalimu wetu wa uchoraji

Pole sana dada kwa kufiwa na mwalimu wenu wa uchoraji. Picha zake kumi na moja ulizonazo si chache, na wazo lenu la kumuenzi kwa maonyesho ni zuri, ila kwanza zitoe hapo chini ya kitanda ulipoziweka. Joto na unyevu wa Dar huleta ukungu upesi. Zisimamishe mahali pakavu, vumbi ulipanguse kwa brashi laini. Usizipanguse kabisa kwa kitambaa kibichi. Rangi ikibanduka, mtafute fundi wa kuhifadhi picha.

Kabla ya kutangaza lolote, nendeni kwa mjane na watoto wa mwalimu. Kuwa na picha si kuwa na hakimiliki. Kwa sheria ya Tanzania hudumu miaka 50 baada ya msanii kufariki. Mkitaka kuchapisha kadi au kuuza nakala, ulizeni COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, au wakili, mkubaliane kwa maandishi. Fedha huvunja undugu.

Siku yenyewe, wekeni na kazi zenu kando ya zake. Mchoraji Edward Saidi Tingatinga alifariki 1972 baada ya kuchora miaka michache tu; waliouendeleza mtindo wake ni ndugu na vijana aliowafundisha. Mwalimu wangu mimi alikuwa akitunyang'anya vifutio. Hadi leo nachora bila kufuta.