Kabla ya kulaumu endimili, pima chaki

Alasiri moja nilivunja endimili tatu, vile visu vya kuzunguka vyenye meno vya mashine ya kuchongea chuma, zote za kabaidi (kitu kigumu kuliko chuma) na za milimita 6, nikichonga kalibu ya vifuniko vya chupa katika karakana yetu hapa Dar es Salaam. Ya kwanza nikasema bahati mbaya. Ya pili nikamlaani muuzaji. Ilipokatika ya tatu, mzee mmoja wa kazi aliyekuwa akinitazama tangu mchana alikuja na saa ya kupimia, ile yenye mshale unaoonyesha kitu kinayumba kiasi gani, akaibandika kwa sumaku kwenye meza ya mashine, akafunga endimili ya nne na kuzungusha spindo, yaani mhimili unaoizungusha endimili, kwa mkono, taratibu. Mshale ukacheza milimita 0.06.

"Kijana, hii koleti umeivalishaje?"

Koleti ni kibano chenye mipasuko kinachoshika shina la endimili, nacho hukaa ndani ya chaki, yaani kishikio kinachoingia kwenye spindo. Nikamwonyesha: nimeisukuma ndani ya chaki, nikaweka nati juu, nikakaza. Mzee akaguna tu. Akafungua kila kitu, akaishika nati mkononi, akaiingiza koleti ndani yake ikiwa imelala upande mpaka ikalia "taki!" Ndipo akaingiza endimili, na vyote vitatu vikaenda kwenye chaki kwa pamoja. Mshale ukashuka hadi 0.015. Koleti ileile, mashine ileile.

Koleti za aina hii huitwa ER. Koleti za ER, ambazo kampuni ya Rego-Fix ya Uswisi ilizitoa mwaka 1972, zina mfereji karibu na mdomo, na ndani ya nati kuna pete iliyokaa upande kidogo inayoingia humo. Pete hiyo ndiyo inayoing'oa koleti unapofungua. Usipoisikia ikilia, nati inaikandamiza koleti usoni ikiwa imepinda, na hata uwe na mashine ya bei gani, endimili itayumba.

Kwa nini mikroni 60 tu (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita) ziue endimili? Fanya hesabu. Mimi nilikuwa nakata kwa meno manne, kila jino likila milimita 0.03. Mshale ukicheza 0.06 maana yake endimili imehama katikati kwa 0.03. Uhamaji huo ukielekea kwenye jino, meno mawili yanakula maradufu na mawili mengine hayagusi chuma kabisa. Umelipia meno manne, unatumia mawili, tena kwa mateso. Kwa endimili ya milimita 20 usingeona shida kubwa. Kwa ya 6 au ya 3, huo ni msiba.

Tangu siku ile sifungi endimili ndogo bila kupima, na napima sehemu mbili: kwanza ndani ya tepa ya spindo yenyewe, yaani tundu lake la umbo la pia linalopokea chaki, kisha kwenye shingo ya endimili. Spindo ikiwa haiyumbi na endimili inayumba, kosa liko kwenye chaki, koleti au mikono yangu. Mara nyingi ni uchafu. Chembe moja ya chuma kwenye tepa inatosha, na macho hayaioni. Pitisha kidole kilichofutwa.

Jambo jingine ni kulazimisha. Koleti nyingi za ER32, moja ya saizi za ER, zinabana ndani ya milimita moja tu, kwa mfano 10 hadi 9. Ukiibana endimili ya 9 kwa koleti ya 10, itashika, lakini itashika vibaya. Nunua koleti ya kipimo chako. Na zile za bei ya karanga zinazouzwa seti nzima ndani ya boksi la plastiki, mimi natumia kwa kutoboa tu.

Je, ununue chaki ya haidroliki? Ukipata kazi za kumalizia kalibu, ndiyo, ningeanza na moja. Mafuta yaliyofungiwa ndani yanakandamiza mkono mwembamba wa chuma unaoizunguka endimili pande zote, kuyumba kunakuwa mikroni chache tu, na mafuta hayo yanapunguza mtetemo, kwa hiyo uso wa kazi unatoka laini. Ila usikaze skrubu yake bila endimili ndani, utaharibu mkono ule. Chaki za kupasha moto hushika vizuri sana, lakini zinahitaji mashine yake ya kupashia na shina la endimili lenye kipimo kamili. Kwa karakana ya watu wanne kama yetu, fedha hiyo naielekeza kwingine. Na chaki ya skrubu ya ubavuni ibaki kwa kazi ya kukwangua, yaani kuondoa chuma kingi kabla ya kumalizia, maana skrubu ile huisukuma endimili upande mmoja kila unapoikaza.

Koleti zangu nzuri nazifungia kwenye droo yangu. Hewa ya Pwani ina chumvi, kwa hiyo kila Ijumaa jioni nazifuta na kuzipaka mafuta mepesi, kisha Jumatatu nayafuta yote kabla ya kufunga chochote, kwa sababu koleti yenye mafuta huachia endimili ikateleza kazini. Vijana wapya wananiona bahili. Juzi mmoja alikuja kuazima ya 6, nikampa pamoja na saa ya kupimia.