Mkebe wa mfenesi kupasuka baada ya kukerezwa

Ndugu yangu, umeuliza kwa nini mkebe wa udi uliokereza kwa mfenesi mbichi umepasuka kitako na kifuniko hakiingii tena. Umeuacha moyo wa gogo ndani ya kitako, kisha ukamaliza kazi siku moja mbao ingali na maji. Mbao hainywei sawa pande zote: kulizunguka gogo hunywea zaidi kuliko kuelekea moyo, ndiyo maana duara limekuwa yai.

Safari nyingine pasua gogo katikati, utoe moyo wote, na ncha mbili uzipake nta ya moto siku hiyohiyo. Kereza kwanza kwa unene wa sehemu moja ya kumi ya upana. Mkebe wa sentimita 15, ukuta uache milimita 15. Fukia kwenye maranda yake ndani ya mfuko wa karatasi, kivulini, wala usianike juani. Pima uzito kila wiki. Usipopungua wiki 3 au 4 mfululizo, rudisha kwenye keezo, yaani mashine ya kukerezea, umalizie. Mara nyingi ni miezi kadhaa, vumilia.

Angalia msimu pia. Wakati wa masika hewa yetu Unguja imejaa unyevu, uzito utatulia lakini mbao haijakauka kweli. Kifuniko cha kubana sana kitakusumbua, basi kipe nafasi ya nusu milimita.

Na patasi inoe. Ikiwa butu hung'oa nyuzi, na msasa hauponyi hilo.