AC ya gari ya spoti ya zamani: niing'oe au niitengeneze?

SWALI: Assalaam aleikum fundi. Mie niko Muscat, nna Porsche 911 Carrera ya 1986, ile ya injini 3.2, alikuwa nayo marehemu ami yangu na sasa iko mikononi mwangu. AC yake inapuliza upepo tu, baridi hamna, gesi ikijazwa baada ya miezi miwili mitatu ishatoka. Wenzangu ninaotoka nao Ijumaa asubuhi kwenda milimani wananambia ng'oa yote, gari itakuwa nyepesi na injini itapoa, eti AC za 911 za zamani tangu kiwandani hazifai. Fundi wa hapa nae anasema bora niitoe maana kuitengeneza ni pesa nyingi. Gari naipenda sana na sitaki kuiharibu, lakini joto la huku mnalijua. Nifanyeje?

JIBU: Waaleikum salaam ndugu yangu, na Mwenyezi Mungu amrehemu ami yako. Nianze na jibu kabisa ili usihangaike: usiitoe. Itengeneze, tena kwa mpangilio ntakaokwambia, maana nahisi hiyo pesa nyingi ya fundi wako nusu yake haihitajiki kwa sasa.

Ila wenzako nao hawajaongea uongo mtupu. 911 ya wakati ule haina rejeta, injini inapozwa na lile feni kubwa la nyuma pamoja na mafuta, na feni linavuta hewa kupitia wavu wa kifuniko cha nyuma. Sasa chini ya wavu huo huo ndo Porsche waliweka kondensa moja ya AC, yaani ule mtandao wa paipu unaotoa joto la gesi, kwa hiyo ukiwasha AC hewa inayokwenda kupoza injini inakuwa imeshapita kwenye kitu cha moto. Ukiwa kwenye foleni injini inazunguka taratibu, feni linavuta kidogo, kondensa haipoi na injini nayo inapata hewa ya moto. Hiyo ni kasoro ya kweli. Na uzito nao upo, ukikusanya kompresa (pampu inayosukuma gesi), mabano yake, kondensa mbili, maana nyingine iko mbele, na zile paipu ndefu zinazotoka nyuma mpaka mbele unaongelea kilo 30 hivi, na kompresa na kondensa ya nyuma zimekaa nyuma ya ekseli, mahali ambapo gari hii tayari imebeba injini nzima. Dereva anayekwenda kasi kwenye kona anaweza kuisikia tofauti.

Walipokosea ni kwenye nguvu, kama ndo walichomaanisha waliposema nyepesi. AC ikiwa imezimwa klachi ya kompresa inaachia, puli inazunguka bure tu, injini haibebi kitu cha maana. Ukitaka nguvu zote za kupanda mlima bonyeza swichi, zima, ukifika juu washa. Huhitaji spana kwa hilo.

Na hilo la kwamba AC za 911 hazifai tangu kiwandani, mi naona limekuzwa mno. Hazikuwa na ubaridi wa gari za leo, ni kweli, ila nyingi zinazolaumiwa zimechoka au zimejazwa kienyeji. Gari yako ilitoka na gesi ya R12. Mkataba wa Montreal wa 1987 ukaanza kuiondoa kwa sababu inatoboa tabaka la ozoni, nchi tajiri zikaacha kuizalisha mwisho wa 1995 na nchi nyingine zikafuata kufikia 2010, kwa hiyo watu wakahamia gesi nyingine, R134a. Kuhama kwenyewe si tatizo, tatizo ni namna ilivyofanywa. Paipu za mpira za zamani hazina lile tabaka la ndani la kuzuia gesi isipenye, na chembe za 134a ni ndogo kuliko za R12, zinapenya kwenye ukuta wa mpira wenyewe, huoni tundu wala doa la mafuta lakini gesi imeenda. Hapo ndo penye miezi yako miwili mitatu. Halafu mafundi wengi wanajaza 134a juu ya mafuta ya zamani ya kompresa, na yale mafuta hayachanganyiki na gesi mpya, hayazunguki nayo, kompresa inakaa kavu mpaka inakwama. Wengine wanajaza uzito ule ule ulioandikwa kwa R12 wakati 134a inatakiwa kama asilimia 80 mpaka 90 ya uzito huo, presha inapanda, ubaridi unapungua, mteja anaambiwa ndo zilivyo hizi gari.

Kabla hujagusa AC yenyewe lakini, kuna kitu nataka ukiangalie kesho asubuhi, ni bure. Hita ya 911 inatumia joto la egzosi, mabomba ya egzosi yamefunikwa na maboksi ya bati, upepo wa feni la injini unapita humo unapata moto halafu unaletwa ndani. Kila upande kuna vali ya kugeuza huo upepo, hita ikifungwa upepo wa moto unatakiwa umwagwe nje chini ya gari. Zile vali zinaliwa na kutu, waya zinakaza, zinabaki wazi nusu. Matokeo yake unakaa ndani ya gari ambayo AC inapuliza mbele na hita inapuliza miguuni kwa wakati mmoja, na hakuna AC duniani itakayokuridhisha hapo. Endesha mpaka injini ipate moto, AC zima, hita funga kabisa, kisha weka mkono kwenye matundu ya chini karibu na miguu. Ukisikia upepo wa moto, anza na vali hizo, ni kazi ndogo na mtu anaweza akashangaa gari imebadilika kabla hata hajanunua gesi.

Ukimaliza hapo mwambie fundi abadilishe paipu zote za mpira aweke zile zenye tabaka la kuzuia, hapo usikubali kubadilisha moja na kuacha tatu. Pamoja nazo badilisha draya, yaani kile kichujio kinachonyonya unyevu, na sili zote, asafishe mfumo mafuta ya zamani yatoke, aweke mafuta yanayokubaliana na 134a, avute hewa kwa pampu ya vakyumu muda wa kutosha aone geji inasimama, ndo ajaze kwa mizani. Baada ya hapo endesha kwanza. Kama ukienda kasi ni baridi ila kwenye taa inapotea basi tatizo ni kondensa, na siku hizi zipo za umbo la kisasa zenye njia nyingi nyembamba bapa, zinatoa joto vizuri kuliko za 1986 na zinakaa mahali pale pale bila kukata bati. Hiyo ndo hatua ya pili, fanya ukipata pesa, na huenda usiihitaji. Kompresa kama haipigi kelele na klachi inashika iache.

Kuna na suala la asili ya gari, na hapa naomba unisikilize kama ndugu yako mkubwa. Fungua kifuniko cha mbele utaona stika ya karatasi yenye namba za vitu ilivyotoka navyo kiwandani, na kitabu cha huduma kina nakala yake. Tafuta 573. Hiyo ni AC. Anayejua 911 akija kuiangalia atasoma 573 kisha ataangalia injini, asipoona kompresa ataanza kujiuliza nini kingine kilitolewa. Utasikia watu wakitaja Carrera Club Sport ya 1987 mpaka 1989, ile kiwanda chenyewe kiliitengeneza bila AC wala viti vya nyuma ili iwe nyepesi, zikatoka kama 340 tu. Sawa, lakini ile ilizaliwa hivyo na karatasi zake zinasema hivyo, ya ami yako haitakuwa Club Sport kwa kuing'oa AC. Na Muscat mwezi wa sita joto likishavuka 40 gari isiyo na AC utaitoa lini? Itakaa gereji toka mwezi wa tano mpaka wa tisa, na gari ya namna hii ikilala petroli inachuja, sili zinakauka, betri inakufa. Sababu yangu kubwa ni hiyo kuliko hata thamani, nataka iendeshwe.

Ukiona bado moyo unataka kuitoa, basi toa kwa namna ambayo mtoto wako ataweza kuirudisha. Gesi inyonywe kwa mashine, isiachiwe hewani. Toa kompresa na mabano yake, belti, na kondensa ya nyuma, basi. Hivyo vitatu ndo vyenye uzito mbaya wa nyuma na ndo vinavyopasha hewa ya injini. Vya mbele, paipu zinazopita chini ya milango, swichi, vyote acha, ziba tu ncha za paipu zisiingie unyevu wala vumbi. Belti ya AC ina mfereji wake hivyo feni la injini haliguswi. Angalia shokapu za kifuniko cha nyuma, zilipimwa kwa kifuniko chenye kondensa, zinaweza kukisukuma kwa nguvu kuliko inavyotakiwa. Vitu ulivyotoa viandikwe, vifungwe, viwekwe ndani ya nyumba. Usiuze hata bolti. Na kama sababu ya fundi ni kwamba kompresa inamzuia kufika kwenye plagi na kurekebisha vali za injini, mwambie inafunguliwa bolti na kusogezwa pembeni paipu zake zikiwa zimeunganishwa, gesi haitoki.

SWALI: Sema fundi, niko Nairobi. Nina Datsun 240Z ya 1972, ndugu wa zile zilizoshinda mbio za Safari Rally 1971 na Edgar Herrmann na 1973 na Shekhar Mehta, nimeitafuta miaka mingi. Mwenye alikuwa nayo kitambo aliwekewa AC na gereji fulani Mombasa, ile ya kuning'inia chini ya dashibodi. Haifanyi kazi na kwa jam ya Ngong Road temperecha inapanda. Nitoe ama?

JIBU: Toa, ndugu yangu, na nafurahi gari imepata mtu aliyeitafuta. Nimemkatalia wa Muscat lakini kwako kila kitu kimegeuka. Hiyo AC haikutoka na gari, ni ya kuongezewa, kondensa yake imesimama mbele ya rejeta inaziba hewa, na Nairobi iko zaidi ya mita 1,700 juu ya bahari ambapo injini ya kabureta imeshapoteza sehemu nzuri ya nguvu zake kwa hewa nyepesi, mzigo wa ziada unausikia. Kompresa za enzi hizo za pistoni mbili zinatetemesha injini pia. Baridi ya Nairobi unajua mwenyewe, kioo tu ukishusha inatosha.

Uangalifu ni kwenye matundu. Waliofunga watakuwa wametoboa ukuta wa injini kupitisha paipu, yazibe kwa mpira au bati lililopakwa rangi, la sivyo harufu ya injini na maji ya mvua vinaingia ndani, na hizi 240Z kutu haziiwezi. Na usiamini kondensa ndo mchawi pekee wa temperecha, ukishaitoa angalia rejeta kama imeziba, thamostati, na klachi ya feni. Hakikisha pia hita na feni yake vinafanya kazi, Julai ukipanda Limuru kioo kikishika ukungu hutakuwa na kingine cha kukusaidia.

SWALI: Shikamoo fundi. Nipo Dar, nina Mazda MX-5 ya 1994, ile ya paa la turubai, AC nzima kabisa ila situmii, nashusha turubai. Nikiitoa itapunguza kula mafuta?

JIBU: Marahaba mwanangu. Ikiwa imezimwa haili mafuta ya kuonekana, kwa hiyo ukiitoa, pampu ya petroli haitakurudishia kitu. Iache. Masika yakija turubai litakuwa juu, mvua inapiga, vioo vyote vinashika ukungu, na AC ndo inayokausha hewa ya ndani ukaona barabara. Iwashe dakika kumi kila wiki hata kama husikii joto, mafuta yazunguke kwenye kompresa na sili zisikauke, maana AC nyingi nzima zinakufa kwa kutowashwa.