Ni Pete mdogo, wa The Adventures of Pete & Pete

Umeuliza jina la kipindi cha televisheni unachokikumbuka, cha mtoto aliyekatazwa kutoka nyumbani akaanza kupanga kutoroka kama mfungwa. Ni "Grounded for Life" cha The Adventures of Pete & Pete. Tamthilia hiyo ya Marekani ilionyeshwa Nickelodeon, kituo cha televisheni cha watoto, kuanzia 1993 hadi 1996, na inahusu ndugu wawili wenye jina moja, Pete. Aliyefungiwa ni yule mdogo, kwa kosa la kuharibu nyasi ambazo baba yake anazipenda mno.

Ninachokipenda ni kwamba waandishi hawakumcheka mtoto. Kwa mtu mzima adhabu ile ni jambo dogo, ila kwa Pete nyumba imegeuka gereza kweli, na kamera inakubaliana naye. Uchekeshaji wote unatoka hapo. Naye Pete haombi msamaha ili mambo yaishe, anataka uhuru wake tu! Danny Tamberelli alimwigiza kwa ukali wa kupendeza mno.

Ukimaliza hicho, tafuta vipindi vya Artie, yule jamaa anayejiita mwanamume mwenye nguvu kuliko wote duniani. Vinachekesha vibaya sana.