Maswali ya Wasomaji: Mbona Hataki Kunifunga?

SWALI: Kila siku baada ya Alasiri ninacheza bao barazani na mzee mmoja ambaye ni fundi kunishinda. Nikifika pabaya, nimebakiwa na kete mbili tatu tu safu ya mbele, yeye hula upande mwingine na kuniacha hai. Bao la kumalizika upesi huenda mpaka adhana ya Magharibi. Hii ni heshima au dharau? – Msomaji, Kibokoni

JIBU: Kwanza hakikisha kwamba kweli anakuacha. Katika bao la Kiswahili, mwenye nafasi ya kula ni lazima ale. Hawezi kukuhurumia kwa kutakata tu, yaani kutembeza kete bila kula. Hiari aliyo nayo ni ya kula wapi na kwenda upande gani.

Wakati wa kunamua, yaani hatua ya kwanza ya kuingiza ubaoni kete za mkononi, kila mmoja akiwa ameanza na kete 22 mkononi, tazama shimo ambalo anakula. Likiwa la katikati, yaani si kichwa (shimo la mwisho la safu ya mbele) wala kimbi (lililo jirani na kichwa), anaweza kutia kete alizokula kuanzia kichwa cha kulia au cha kushoto, apendavyo. Akila kwenye kichwa au kimbi hana hiari, huanzia kichwa cha upande ule ule. Hiari nyingine iko kwenye nyumba, shimo la mraba la safu ya mbele: kete ya mwisho ikiangukia nyumba yake iliyo bado nzima, na hakuna cha kula mbele yake, anaweza kulala hapo, zamu yake iishe, au kwenda safari, yaani kuzichota kete za nyumba na kuendelea kuzitia. Fundi anayetaka kukubakisha atalala nyumbani mara nyingi kuliko kawaida.

Kwenye mtaji, hatua ya pili ambapo kete za mkononi zimeisha, huchagua shimo la kuanzia na upande wa kuelekea. Hapa wengi hukosea kumhukumu mwenzao, kwa sababu shimo lenye kete zaidi ya 15 halianzishi mchezo wa kula. Huenda uliona shimo lake limejaa ukadhani amekusamehe, kumbe kanuni ndiyo iliyomfunga mikono.

Basi kabla hajacheza, hesabu njia zake zote na ufuate kila moja kwa macho mpaka inapolala. Ikiwa moja ingemaliza safu yako ya mbele na yeye akachukua nyingine, usishike tama: kete zikishazunguka mara tatu nne, hata fundi hupotelewa na hesabu. Ikitokea mara tatu jioni moja, anakuacha kwa kujua.

Na sababu, mara nyingi, haimo ubaoni bali imo kwenye foleni. Kwenye baraza nyingi aliyefungwa hunyanyuka na anayengoja huketi. Akikufunga, amekupoteza wewe, na anayekuja ni mtu asiyempenda, au asiyemuweza. Ushindi kwake una bei: jioni yake inakatika. Kwa maoni yetu hayo ni mapenzi, wala usiyaone dharau. Dawa yake ni kubadilisha utaratibu wa kuketi. Kubalianeni kwamba wawili wakiketi watacheza mabao matatu ndipo wanyanyuke wote, mshindi na mshindwa. Mtaona anafunga bila kusita, kwa kuwa bao la kwanza halimwondoi mtu.

Kama lengo lake ni kukufundisha, mwombe afanye kinyume: akufunge, kisha mrudi palipoharibika. Bao halirudishwi kwa kumbukumbu, kete zimeshatawanyika. Kwa hiyo piga picha ya ubao kwa simu kila unapotaka kucheza mchezo mzito, halafu zipangeni upya kutoka kwenye picha. Aliyeachwa hai kila siku hajui ni kosa gani lingemuua.

Jambo moja tu tunalokuonya kwa dhati. Ikiwa mnacheza kwa pesa, na kila mara unaachwa karibu kushinda kisha dau linapandishwa, hicho ni chambo. Nyanyuka.

SWALI: Tulifanya mashindano ya keram ya usiku wakati wa Ramadhani: timu nane, makundi mawili ya nne nne. Usiku wa mwisho wa makundi, timu mbili zilikuwa zikikosa hata kete zilizo mdomoni mwa tundu, ili zishike nafasi ya pili na kukwepa timu kali ya kundi la pili. Watu walikasirika. Tuwafungie? – Mwandalizi, Majengo

JIBU: Msianze na adhabu, anzeni na ratiba yenu, maana ndiyo iliyofanya kushindwa kuwe na faida. Mambo haya yalitokea hata Olimpiki ya London, 2012. Badminton ya wachezaji wawili wawili ilichezwa kwa makundi kwa mara ya kwanza katika Olimpiki, badala ya mtoano tangu mwanzo. Jozi za wanawake, moja ya China, mbili za Korea Kusini na moja ya Indonesia, zikawa zinapiga kwenye wavu makusudi ili zipate wapinzani zinaowataka. Wachezaji wanane wakatolewa mashindanoni. Lakini waandalizi walibadilisha utaratibu pia: baada ya makundi, jozi za nafasi ya pili zipigiwe kura upya kujua zitakutana na nani.

Nanyi fanyeni hivyo. Kura ipigwe mbele ya manahodha wote, baada ya kete ya mwisho ya mchezo wa mwisho. Michezo miwili ya mwisho ya kila kundi ianze kwa wakati mmoja, mbao zikiwa kando kwa kando. Kombe la Dunia lilijifunza hilo kutoka Gijón, 1982: Algeria ilikuwa imeshamaliza mechi zake, Ujerumani Magharibi na Austria wakijua kwamba 1-0 inawavusha wote wawili, na wakaicheza hivyo hivyo. Tangu 1986 mechi za mwisho za kundi huanza pamoja.

Tukichagua sisi, kwa timu nane tungeacha makundi kabisa. Chezeni mtoano wa maisha mawili: anayefungwa mara mbili ndiye anayetoka. Makundi yenu yalikula michezo 12, nusu fainali mbili na fainali, jumla 15. Maisha mawili ni michezo 14 au 15, kwa hiyo usiku hauongezeki, na hakuna atakayekubali kutupa moja ya roho zake mbili.

SWALI: Mwanangu wa miaka 11 amefika hatua ya mwisho ya mchezo wa simu, miezi miwili sasa, na hataki kuimaliza. Anasema ukiisha utakuwa umeisha. – Mama, Likoni

JIBU: Dada, hana tatizo. Muulize ni mchezo gani. Ikiwa ni Minecraft, joka likishauawa maandishi hupita, kisha mchezaji hurudi duniani mwake, na nyumba alizojenga ziko vile vile. Ikiwa ni mchezo unaofunga kweli, tazameni kama unaruhusu kuhifadhi nafasi mbili. Ahifadhi moja kabla ya mlango wa mwisho na asiiguse, kisha aingie na ile nyingine.